Uumbaji katika Kabala: tusiruke kuvunjika kwa vyombo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kwenye kurasa za dini hutokea mara kwa mara makala kuhusu Kabala, elimu ya siri ya Wayahudi, na nyingi huishia njiani. Msomaji huambiwa kwamba Mungu alijibana ili kuupisha ulimwengu, kisha huongezewa kwamba jambo hilo linafanana na Mlipuko Mkuu wa wanasayansi, na hapo mwandishi huweka kalamu chini. Kujibana huko ni hatua ya kwanza tu ya mafundisho marefu, wala siyo hatua iliyowaumiza vichwa zaidi mabingwa wake. Wao waliumizwa vichwa na kilichofuata: vyombo vilivyoandaliwa kupokea mwanga vilivunjika, na ulimwengu huu tunaoishi umesimama juu ya vigae vyake. Anayeruka sehemu hiyo ameeleza maandalizi, hajaeleza uumbaji.

Kosa la pili ni kuchanganya karne. Kabala haina simulizi moja ya uumbaji. Zipo kadhaa, zilizoandikwa mahali tofauti na watu tofauti, na ya baadaye hujengwa juu ya ya zamani bila kuifuta.

Ya zamani zaidi imo katika kijitabu kiitwacho Sefer Yetsira, yaani Kitabu cha Uundaji. Umri wake unabishaniwa hadi leo, ila mwaka 931 tayari Saadia Gaoni, mwanazuoni wa Kiyahudi, alikuwa amekiandikia ufafanuzi. Humo hakuna kujibana wala kuvunjika kwa chochote. Mungu anaumba kwa njia 32 za hekima: tarakimu kumi, ziitwazo sefira, na herufi 22 za Kiebrania. Herufi hizo zimegawanywa mafungu matatu. Tatu ni mama: alefu, memu na shini, yaani hewa, maji na moto. Saba zina matamshi mawili mawili, nazo zinakwenda na siku saba za juma, sayari saba zilizojulikana wakati huo, na matundu saba ya kichwa: macho mawili, masikio mawili, matundu mawili ya pua na kinywa. Kumi na mbili zilizobaki zinakwenda na miezi 12 na makundi 12 ya nyota.

Kazi yenyewe imeelezwa kama ya fundi. Mungu alizichonga herufi, akazipima, akazibadilisha nafasi, akaiunganisha kila moja na nyingine zote. Herufi 22 zikiunganishwa mbili mbili bila kurudia hutoa jozi 231, na kitabu huziita malango 231. Kisha kinaendelea: mawe mawili hujenga nyumba mbili, matatu hujenga sita, manne 24, matano 120, sita 720, saba 5,040, kuanzia hapo nenda ukahesabu yale ambayo kinywa hakiwezi kuyasema wala sikio kuyasikia. Jiwe ni herufi, nyumba ni neno. Msomaji wa hesabu atatambua mara moja kwamba hiyo ni hesabu sahihi kabisa ya mipangilio. Wafafanuzi wa baadaye waliongeza kwamba jina Elohimu, yaani Mungu kwa Kiebrania, limetajwa mara 32 katika sura ya kwanza ya Mwanzo, sawa na njia zile 32.

Kuumba kwa kutamka si wazo la watu wa siri peke yao. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika mlango wa tano wa sehemu yake iitwayo Avoti, inafundisha kwamba ulimwengu uliumbwa kwa matamko kumi. Talmudi, ambayo ni mjadala mpana juu ya Mishna, ikahesabu "Mungu akasema" katika habari ya siku sita ikapata tisa, ikauliza la kumi liko wapi, na ikajijibu kwamba neno la kwanza la Biblia, "Hapo mwanzo", nalo ni tamko. Jibu hilo dogo ndilo lililofungua mlango. Ikiwa "Hapo mwanzo" ni tamko, basi kuna tendo lililotangulia nuru, na watu watataka kujua ni tendo gani.

Hapo ndipo inapoingia Zohari, kitabu kikuu cha Kabala. Zohari ilijitokeza Hispania, katika Kastilia, mwishoni mwa karne ya 13. Imeandikwa kwa Kiaramu na kuwekwa kinywani mwa Rabi Shimoni bar Yohai wa karne ya pili, lakini wanazuoni wa leo wanaihusisha hasa na Moses de León, aliyefariki mwaka 1305, pamoja na wenzake. Katika kitabu hicho Mungu katika dhati yake haitwi kwa jina. Huitwa tu Ein Sof, Asiye na Mwisho. Mstari wa kwanza wa Biblia unasomwa upya: kwa mwanzo, yule asiyetajwa aliumba jumba, na jumba hilo linaitwa Elohimu. "Mwanzo" ni nukta moja ya nuru, nayo ni Hekima. Jumba linaloizunguka ni Ufahamu. Mtendaji amefichwa nje ya sentensi. Ni usomaji wa kijasiri, na kwa maoni yangu hakuna mstari wa Biblia uliowahi kupinduliwa kwa ustadi zaidi ya huu.

Kutoka katika nukta hiyo zinashuka sefira, ambazo sasa si tarakimu tena. Ni sifa kumi ambazo kwazo Mungu anatenda: Taji, Hekima, Ufahamu, Fadhili, Hukumu, Uzuri, Ushindi, Utukufu, Msingi na Ufalme. Wapinzani walilalamika mapema. Rabi Isaac ben Sheshet, aliyefariki mwaka 1408, aliandika katika moja ya majibu yake kwamba alimsikia mwanafalsafa akiwakejeli wafuasi wa Kabala: Wakristo wanaamini watatu, hawa wanaamini kumi. Jibu lililokuja kukubalika zaidi ni la Moses Cordovero wa Safed, aliyezaliwa 1522 na kufariki 1570: mwanga ni mmoja, rangi zinatokana na vyombo, kama jua linavyopita kwenye kioo cha rangi nyingi likaonekana jekundu hapa na la kijani pale, na jua lenyewe halijabadilika. Shikilia neno hilo, vyombo.

Sasa tufike Safed, mji wa milimani katika Galilaya. Isaac Luria, mwalimu wa mafundisho ya kujibana na kuvunjika kwa vyombo niliyoanza nayo, alizaliwa Yerusalemu mwaka 1534, akakulia Misri, akafika Safed mwaka 1570 na kufariki kwa tauni mwaka 1572. Alifundisha huko takriban miaka miwili tu na karibu hakuandika kitu. Tunachokijua kimetoka kwa wanafunzi, hasa Hayyim Vital, ambaye maandishi yake yaitwayo Mti wa Uzima yalizunguka kwa mkono hadi yalipochapwa katika mji wa Korets mwaka 1782. Ndiyo maana wanafunzi wanapishana katika mambo mengi, na makala yoyote inayosema "Luria alisema" bila wasiwasi inatakiwa kusomwa kwa uangalifu.

Mpangilio wake ni huu. Kabla ya chochote, mwanga wa Asiye na Mwisho ulijaza kila mahali kwa usawa. Hapakuwa na juu wala chini, wala nafasi ya kitu kingine kuwapo. Mwanga ukajiondoa kutoka kwenye nukta ya katikati kwenda pembeni. Hiyo ndiyo tsimtsumu, yaani kule kujibana. Palipobaki ni uwazi wa mviringo, kwa sababu mwanga ulijiondoa kwa kipimo kilekile pande zote. Uwazi huo haukuwa mtupu kabisa. Yalibaki masalio hafifu ya mwanga, na kwa baadhi ya wanafunzi katika masalio hayo ndimo ulimokuwa mzizi wa Hukumu, maana kujizuia ni tendo la hukumu.

Kisha mstari mwembamba wa mwanga ukaingia kutoka upande mmoja na kushuka ndani ya uwazi, lakini haukugusa upande wa pili. Kipengele hiki huachwa na waandishi wengi, na bila hicho mfumo wote hausimami. Mstari ukigusa pande zote mbili, mwanga unaingia toka kila upande, usawa wa awali unarudi, na hakuna tena juu wala chini. Kwa kuwa umegusa upande mmoja tu, sasa kuna karibu na mbali, chanzo na mpokeaji. Ngazi yote ya viumbe inategemea ncha hiyo iliyosimama kabla ya kufika.

Kutokana na mstari huo linatokea umbo la kwanza, Adamu Kadmoni, ambaye si Adamu wa bustani ya Edeni. Ni mpangilio wa mwanga wenye sura ya mtu, na mwanga unatoka kwake kupitia masikio, pua, kinywa na macho. Luria aliziita hatua za mwanga huo kwa majina ya wanyama wa Yakobo katika Mwanzo 31: wenye milia, wenye madoadoa, na wenye marakaraka. Uliotoka kinywani ni hatua ya kwanza: mianga kumi ilikuwa imefungwa pamoja katika chombo kimoja, na haikupata madhara makubwa. Uliotoka machoni ni hatua ya pili, ya madoadoa: kila sefira ilisimama peke yake kama nukta, na kila nukta ilikuwa na chombo chake.

Ni katika hatua ya pili ndipo mambo yaliharibika. Vyombo vitatu vya juu, vya Taji, Hekima na Ufahamu, viliupokea mwanga vikastahimili, ingawa sehemu zao za nyuma zilianguka. Vya chini, kuanzia Fadhili, vikapasuka kimoja baada ya kingine. Cha mwisho, cha Ufalme, nacho kilipata nyufa lakini hakikuharibika kama vingine.

Kwa nini vilivunjika? Jibu jepesi ni kwamba mwanga ulikuwa mwingi na vyombo vidogo. Ni kweli, ila halitoshi, kwa sababu mwanga uleule uliweza kukaa baadaye. Sababu nzito ni ya mpangilio. Sefira hizo zilisimama moja chini ya nyingine katika safu moja, bila kuungana ubavuni. Fadhili ilikuwa Fadhili tupu, haina chembe ya Hukumu ndani yake; Hukumu ilikuwa Hukumu tupu. Hakuna iliyoweza kuisaidia nyingine kubeba, na kila moja ilitaka kutawala peke yake. Baada ya matengenezo kila sefira ina zote kumi ndani yake, na zimepangwa katika nguzo tatu: Fadhili kuume, Hukumu kushoto, Uzuri katikati ukizipatanisha. Mwanga haukupunguzwa sana. Kilichobadilika ni viungo.

Andiko walilolitegemea litamshangaza asiyelijua. Mwanzo 36 lina orodha kavu ya wafalme waliotawala Edomu kabla ya Israeli kuwa na mfalme: Bela, Yobabu, Hushamu, Hadadi, Samla, Shauli, Baal-hanani. Kila mmoja ametawala, akafa, akafuatwa na mwingine. Wa nane ni Hadari. Yeye peke yake katika orodha ametajiwa mke, Mehetabeli, na sura hiyo haisemi kwamba alikufa. Zohari tayari ilikuwa imewaona wafalme hao kama malimwengu yaliyotangulia yakaangamia, ikiungana na midrashi ya kale, yaani ufafanuzi wa marabi juu ya Biblia, isemayo kwamba Mungu aliumba malimwengu na kuyabomoa kabla ya huu wetu. Luria akakaza uzi: saba waliokufa ni vyombo saba vilivyovunjika, kila mmoja mpweke, na wa nane akadumu kwa sababu alikuwa na mwenzi. Kuvunjika na kutengenezwa vyote viko katika aya tisa ambazo msomaji wa kawaida huziruka.

Sehemu kubwa ya mwanga ilirudi juu. Cheche 288 zikanasa kwenye vigae na kuanguka navyo. Hesabu hiyo nayo ina andiko lake, Mwanzo 1:2, pale Roho ya Mungu "ikatulia juu ya uso wa maji". Kitenzi hicho kwa Kiebrania kina herufi tano. Ukitoa ya kwanza na ya mwisho, memu na tavu, ambazo pamoja husomeka "mfu", zinabaki reshi ambayo thamani yake ni 200, heti ambayo ni 8, na pe ambayo ni 80. Jumla 288. Yaani ndani ya aya inayotangulia "Iwe nuru" tayari kuna mauti na cheche zilizokwama.

Vigae vilikuwa maganda, na maganda ndiyo mzizi wa uovu. Yapo ya aina nne, yakitafsiriwa kutoka maono ya Ezekieli 1:4: upepo wa dhoruba, wingu kubwa na moto, ambayo ni machafu kabisa, na mng'ao unaozunguka, ambao una mema na mabaya na unaweza kusafishwa. Uovu hauna uhai wake wenyewe. Unaishi kwa cheche iliyomo ndani yake. Ikitolewa, ganda linakauka.

Kwa nini Mungu aliruhusu haya? Wafafanuzi wamejibu kwa njia mbili. Wengine husema taka za Hukumu zilikuwa zimechanganyika ndani ya mwanga tangu mwanzo, na kuvunjika kulizitenga, hivyo ajali ilikuwa usafi. Wengine husema palihitajika uovu ili pawe na hiari, thawabu na adhabu. Mimi naona jibu la kwanza linakwenda na mfumo vizuri zaidi, kwa sababu masalio yale ya mwanzo yana Hukumu ndani yake hata kabla mtu hajafikiriwa. La pili lina harufu ya mahubiri.

Matengenezo yalianza kwa mwanga mpya uliotoka kwenye paji la uso wa Adamu Kadmoni. Sefira zilipangwa upya kuwa nyuso tano. Taji ikawa Uso Mrefu, mvumilivu. Hekima ikawa Baba. Ufahamu ukawa Mama. Sefira sita, toka Fadhili hadi Msingi, zikawa Uso Mfupi. Na Ufalme ukawa mwenzi wa Uso Mfupi. Malimwengu manne yakashuka kwa ngazi: la Utokeo, la Uumbaji, la Uundaji na la Utendaji, majina matatu ya mwisho yakitokana na vitenzi vya Isaya 43:7. Kazi ilikuwa karibu kwisha. Adamu alitakiwa kuimaliza, akakosea, kila kitu kikashuka tena daraja, na ulimwengu wa Utendaji ukazama katikati ya maganda. Tangu hapo kazi ya kuziokota cheche iko mikononi mwa watu, kwa kila amri inayotimizwa, kila baraka inayotamkwa juu ya chakula, kila sala inayosaliwa kwa nia iliyoelekezwa. Hilo ndilo lililofanya mafundisho haya yapendwe: uumbaji haujakamilika, na wewe una zamu.

Kuhusu Mlipuko Mkuu nitasema kidogo. Huo hauna kitovu wala nje. Tsimtsumu ina vyote viwili, na mwanga unaingia kutoka nje kwenda ndani. Zaidi ya hayo, hatua za Luria ni mpangilio wa sababu, hazipimwi kwa saa. Anayetafuta kufanana na sayansi angeanza na Nahmanides wa Girona, aliyezaliwa 1194, ambaye katika ufafanuzi wake wa Mwanzo anasema Mungu alitoa kutoka kutokuwapo kitu chembamba sana kisicho na umbo, kilicho tayari kupokea umbo, na kutoka humo vikatengenezwa vyote. Hapo angalau kuna cha kulinganisha.

Je, Mungu alijiondoa kweli? Wayahudi wenyewe waligawanyika. Joseph Ergas, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1736 baada ya kifo chake, alitetea kwamba maneno hayo ni mfano. Mwaka uliofuata Immanuel Hai Ricchi akatetea kwamba yachukuliwe kama yalivyo, kwa kuwa ni kumvunjia Mungu heshima kusema dhati yake imo hata mahali pachafu. Schneur Zalman wa Liadi, katika kitabu chake Tanya kilichochapwa 1796, alisimama upande wa mfano: kujibana ni pazia kwa macho ya viumbe, na kwa Mungu hakuna kilichobadilika. Akarudi kwenye herufi za Kitabu cha Uundaji. Matamko kumi, anasema, yanaendelea kutamkwa kila dakika, na herufi zikiondoka kidogo tu, mbingu zinarudi kuwa si kitu.

Kuna pia maelezo ya kihistoria, kwamba Luria alikuwa akizungumzia kufukuzwa kwa Wayahudi kutoka Hispania mwaka 1492: Mungu uhamishoni, watu uhamishoni. Gershom Scholem, mtafiti wa Kabala aliyefariki 1982, aliyatia nguvu sana. Mtafiti mwingine, Moshe Idel, ameyapinga, akionyesha kwamba wazo la kujibana lilikuwapo katika maandishi ya kabla ya hapo. Nadhani Idel ana hoja kuhusu tsimtsumu. Kuhusu cheche zilizotawanyika na kazi ya kuzikusanya, ni vigumu kuamini kwamba watoto wa waliofukuzwa hawakujisikia humo.

Mafundisho hayo yalikuwa na hatari yake, nayo haikuchelewa. Ikiwa cheche zimenasa ndani ya uovu, je, mtu ashuke humo kuzitoa? Mwaka 1666 Sabbatai Zevi, aliyetangazwa kuwa Masihi, alisilimu mbele ya Sultani wa Uturuki, na nabii wake Nathan wa Gaza akaeleza kwamba Masihi ameshuka ndani ya maganda kukomboa cheche za mwisho. Karne iliyofuata Jacob Frank akaipeleka hoja hiyo mbali zaidi, hadi kuvunja amri kwa makusudi. Marabi waliokutana katika mji wa Brody mwaka 1756 wakapiga marufuku kusoma Zohari kabla ya umri wa miaka 30, na maandishi ya Luria kabla ya miaka 40. Luria mwenyewe alifariki akiwa na miaka 38, kwa hiyo asingeruhusiwa kusoma mafundisho yake. Vital, aliyeyaandika, alikuwa na umri wa chini ya miaka 30 alipoketi mbele ya mwalimu wake Safed.

Msomaji wako